UZI: Kwa nini Eastlands iko Eastlands na Muthaiga iko Muthaiga

mtoto_wa_majengo

Juzi kwenye ule uzi wa foleni ya Jogoo Road kuna mdau alituambia tuache kumlaumu mkoloni, kwa sababu alituachia reli, mji na barabara, na sisi ndio tulioviharibu. Wengi walimuunga mkono. Nilianza kumjibu palepale nikaona jibu linazidi uzi wenyewe, ndiyo maana nimefungua huu. Ni mrefu, tafadhali vumilieni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aujue. Nairobi haikujengwa ili Mwafrika aishi ndani yake. Ilijengwa ili afanye kazi, kisha arudi rizavu, yale maeneo ya mashambani aliyotengewa Mwafrika, kwa mke wake, shamba lake na uzee wake. Mshahara ulipimwa hivyo. Chumba kilipimwa hivyo. Maji, vyoo, barabara, hata pombe. Bendera ilishushwa 1963 lakini vipimo vile vilibaki, na ndivyo vinavyomweka mtu wa Kayole, huku Eastlands mashariki ya mji, ndani ya matatu asubuhi nzima akienda kazini.

Nianze na reli, maana ndiyo inayotajwa kila mara.

Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na reli ikafika hapa tarehe 30 Mei 1899. Hapa palikuwa malisho na maji ya Wamaasai. Wakikuyu walikuwa juu kwenye miinuko ya misitu, na Wakamba walipita na biashara zao. Mainjinia hawakuuliza kama mahali panafaa watu kuishi. Mbele yao kulikuwa na mpando wa kwenda Limuru na baada yake mteremko wa Bonde la Ufa, kwa hivyo walitaka tambarare ya mwisho yenye maji, wapange njia za reli, karakana na bohari. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishiwa hapa kutoka Mombasa. Ukisimama stesheni leo ukatazama upande wa Industrial Area, tambarare ile bado unaiona.

Ilikuwa kinamasi. Tauni ilipoingia kwenye bazaa ya Wahindi mwaka 1902, daktari wa serikali aliamuru bazaa ichomwe moto. Madaktari walishauri zaidi ya mara moja kwamba mji uhamishwe. Haukuhamishwa, kwa sababu karakana zilikuwa zimeshasimama na fedha zilikuwa zimeshazama ardhini. Miaka michache baadaye makao ya serikali nayo yakaletwa kutoka Mombasa, na mji wa karakana ukawa mji mkuu.

Sasa mnaoishi South B, South C na Donholm, mkijiuliza kwa nini mvua ya saa moja inawafungia njia, jibu linaanzia hapo.

dereva_wa_umoja

Ndugu, hapo kwa reli nina swali. Si Waingereza walilipa kwa pesa zao? Hatukuchangia hata senti.

mtoto_wa_majengo

Swali la haki. Ni kweli, zaidi ya pauni milioni 5 zilitoka kwa mlipa kodi wa Uingereza. Na kazi ilifanywa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa. Lakini fuata kilichokuja baada ya reli kukamilika.

Serikali ilijikuta na reli ndefu isiyo na mizigo. Kamishna Charles Eliot akaamua kwamba dawa ni kuwaita walowezi Wazungu walime mazao ya kuuza ng'ambo, reli ipate cha kubeba na deni lipate wa kulilipa. Ili mlowezi aje apewe ardhi, kwa hivyo ikatungwa sheria ya ardhi ya 1902, na baadaye ile ya 1915 iliyoruhusu kukodisha shamba kwa miaka 999. Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine na Laikipia nayo ikachukuliwa. Walikwenda mahakamani 1913 wakashindwa.

Ardhi peke yake haitoshi, inataka mikono. Mtu mwenye shamba lake na mbuzi wake hana sababu ya kwenda kumlimia mgeni. Hapo ndipo kodi ilipoingia. Kodi ya nyumba ilianza 1901, kisha 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili kijana asiye na nyumba naye asiponyoke. Kodi ilitakiwa kwa sarafu, na sarafu kwa wengi ilipatikana mahali pamoja tu, kwa mwajiri. Na kwa nini wasingeuza kahawa wapate pesa ya kodi? Kwa sababu Mwafrika alikatazwa kulima kahawa. Wachache wa Meru na Kisii waliruhusiwa miaka ya 1930, na ruhusa pana ikaja miaka ya 1950, moto wa Mau Mau ukiwa umeshawaka.

Tena angalia matawi ya reli yalikwenda wapi. Thika 1913. Kitale 1926. Nanyuki baadaye kidogo. Yalifuata mashamba ya walowezi. Hata nauli zilipangwa hivyo: mahindi ya kupelekwa ng'ambo yalibebwa kwa bei ya chini, na bidhaa zilizoingia kutoka nje, zikiwemo vitambaa na blanketi ambazo Mwafrika alizinunua dukani, zikabebeshwa nauli ya juu kufidia. Basi hiyo senti unayosema hatukuchangia, ndugu yangu, tuliitoa kila tulipofunga blanketi.

msomi_huru

Nakubaliana na mengi lakini tusisahau kwamba kodi iko kila mahali duniani. Kila serikali hutoza kodi. Shida iko wapi hapo?

mtoto_wa_majengo

Shida ni kile ambacho kodi ilikusudiwa kufanya, na kile kilichofungwa shingoni mwa mlipaji.

Kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole akapewa karatasi ndani ya kikasha cha chuma, kikatiwa kamba, akakivaa shingoni. Fikiria kile kikasha kwa muda. Ndani mna jina lako, kabila lako, alama za vidole vyako. Mna jina la mwajiri, siku uliyoanza na mshahara unaolipwa. Ukitaka kuacha kazi, lazima mwajiri aandike kwamba amekuachilia. Asipoandika, wewe ni mtoro, na utoro ni kosa la jinai. Mwajiri mpya akifungua kikasha anaona ulikuwa ukilipwa kiasi gani. Kwa nini akuongeze? Hakuna namna ya kubishana bei ya jasho lako wakati bei hiyo imening'inia kifuani pako.

Mwaka 1921 bei ya mazao iliporomoka, waajiri wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, wakati kodi ilikuwa imetoka kupandishwa. Harry Thuku, karani wa simu hapa Nairobi, akasimama kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa ya wanawake na wasichana mashambani. Akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea baada ya maneno ya wajumbe wao, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao, akawaambia kama wanaogopa basi wavae nguo yake, naye achukue suruali zao. Kwa mila za Kikuyu hiyo si aibu ndogo. Umati ukasonga, polisi wakafyatua. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa ishirini na kitu. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Wale wa chuo kikuu mnaopita Harry Thuku Road kila siku, ni pale pale.

binti_ngara

Asante kwa uzi huu. Mimi ni Mhindi wa Nairobi, familia yetu iko hapa kizazi cha tano. Nyumbani huwa tunaambiwa sisi tulikuwa katikati. Naomba uliguse hilo, kwa sababu mara nyingi historia ya mji inasimuliwa kama ya watu wawili tu.

mtoto_wa_majengo

Dada, umenipeleka moja kwa moja kwenye ramani.

Mwaka 1913 serikali ilimleta Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, achunguze tauni na uchafu. Alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati sehemu ya biashara. Sababu iliyoandikwa ni magonjwa. Tangu hapo kila ramani ya Nairobi iliyochorwa na mkoloni ilifuata mstari huo, ingawa mwaka 1923 serikali ya London ilitamka kwamba ubaguzi wa makazi mijini uachwe. Ulihamia kwenye hati za viwanja, ambako mnunuzi alifungwa asimuuzie mtu wa rangi nyingine.

Mkitaka kuielewa ramani hiyo, angalieni udongo. Magharibi na kaskazini ya mji ni miinuko, udongo mwekundu, maji yanapita, hewa ni safi, kahawa inamea. Huko ndiko Muthaiga, Kilimani, Kileleshwa, Lavington, na mbele yake Karen. Kiwanja kimoja eka nzima au zaidi. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kugeuka ugali masika, unaotikisa msingi na kuvunja bomba. Huko ndiko walikopangiwa Waafrika, karibu na reli na viwanda, na mito ya Nairobi na Mathare ikiwafikia ikiwa imeshapita kwa wengine wote.

Katikati, Ngara, Parklands na Eastleigh, ndiko walikowekwa Wahindi. Waliruhusiwa duka wakanyimwa shamba la milimani. Walikuwa wengi kuliko Wazungu lakini kura zao zilihesabiwa kuwa nyepesi. A. M. Jeevanjee, aliyejenga sehemu kubwa ya mji wa mwanzo na kutoa ile bustani ya katikati mwaka 1906, hakuwa na haki ya kumiliki shamba la milimani. Na yuko mmoja ambaye hatajwi vya kutosha, Makhan Singh. Yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki mwaka 1949. Mei 1950 walikamatwa wote wawili, Nairobi ikagoma siku kadhaa, na Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi 1961. Mhindi wa Nairobi alifungwa miaka kumi na moja kwa kudai mshahara wa Mwafrika na uhuru wa nchi hii. Hilo lisimuliwe nyumbani kwenu na kwetu.

dereva_wa_umoja

Makhan Singh sijawahi kumsikia shuleni. Endelea.

mtoto_wa_majengo

Sasa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nyumba.

Watu hudhani Waafrika wa Nairobi ya zamani hawakuwa na nyumba zao, kwamba walikuwa vibarua wa kupita tu. Si kweli. Kabla ya vita vya kwanza kulikuwa na vijiji vya Waafrika mjini: Pangani, Mombasa (kijiji cha hapa, si ule mji wa pwani), Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Wenyewe walikuwa maaskari waliostaafu, wapagazi, wafanyabiashara, Waislamu wengi kutoka kila kabila, na wanawake wengi waliojinunulia nyumba kwa pesa zao wenyewe. Walijenga kwa mpango wa pwani. Ninyi mliokulia Majengo mnaujua: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba anaishi chumba kimoja, vingine anapangisha. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Alizeeka akila kodi ya wapangaji wake, hakumwomba mtu unga. Mwanamke asiyejua kusoma, mjini, miaka hiyo, na uzee wake ulikuwa umelindwa na vyumba vyake.

Hilo ndilo ambalo mpango wa mji haukulitaka. Mwafrika mwenye nyumba mjini ni Mwafrika asiye na sababu ya kurudi rizavu. Baada ya vita vijiji vikaanza kubomolewa kimoja kimoja. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pekee halali pa Mwafrika kuishi, na hata hapo alimiliki kuta tu, ardhi ilibaki ya manispaa. Kijiji cha mwisho kikubwa kilikuwa Pangani. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakajengewa Shauri Moyo.

Kutoka nje, Shauri Moyo ilionekana maendeleo: mawe badala ya udongo, mistari iliyonyooka. Lakini aliyeingia Shauri Moyo aliingia kama mpangaji wa manispaa. Kule Pangani alikuwa mwenye nyumba. Mali aliyoijenga, ambayo angeirithisha wanawe, ikageuka karatasi ya kodi ya kila mwezi. Mkiniuliza ni lini hasa umaskini wa Eastlands ulitiwa muhuri, nitawatajia Pangani kabla ya kutaja kitu kingine chochote.

shosho_wa_bahati

Mwanangu, umesema kweli tupu. Mimi nimeolewa Muthurwa mwaka 1961, kwenye landhies, vyumba vya wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja, bomba la nje, choo cha mstari mzima. Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Mtoto akizaliwa unampeleka nyumbani kwa mama mkwe kwa sababu hapa hakuna pa kumlaza. Wanangu watatu wa kwanza hawakulelewa na baba yao. Alikuwa anawaona Krismasi.

mtoto_wa_majengo

Mama, shikamoo, na asante kwa kutuandikia. Naomba wote wasome maneno ya mama mara mbili, kwa sababu aliyoyaeleza yalikuwa sera.

Mshahara wa Nairobi ulikuwa mshahara wa kapera. Mwajiri alihesabu chakula cha mtu mmoja na kitanda cha mtu mmoja. Mke na watoto walihesabiwa kwamba wanalishwa na jembe la rizavu. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Murang'a au Siaya aliyekuwa akilima usiku na mchana alikuwa akimlipia mwenye kiwanda wa Nairobi sehemu ya mshahara, bila yeye kujua na bila kulipwa. Faida ya viwanda vile ilikuwa na jasho lake ndani.

Na si mimi ninayesema. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilichunguza mishahara ya Waafrika ikakuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na robo ya wale wa serikali, walilipwa chini ya kile kinachotosha mahitaji ya lazima ya mtu. Ya mtu, bado hatujafika kwenye familia. Kamati ikapendekeza mshahara uanze kuhesabiwa kwa familia. Lakini vyumba vilikuwa vimeshajengwa kwa hesabu ya kapera, na chumba cha mawe hakibadilishwi na ripoti. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa jaribio la mapema la mtaa wa familia, wenye bustani, zahanati na ule ukumbi wa kijamii ambapo wanasiasa walikuja kuhutubia. Wanaoishi Kaloleni wanajua tofauti hiyo. Mitaa ya namna hiyo ilikuwa michache.

Na pombe niliyoigusa mwanzo: manispaa ilipiga marufuku wanawake kupika na kuuza, ikachukua biashara hiyo iwe yake peke yake, ikiuza kwenye baa yake Pumwani. Faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Tafsiri yake, Mwafrika alijilipia huduma zake kwa kunywa, wakati jasho lake katika karakana na viwanda likilipia barabara za upande wa pili. Na yule mama aliyekuwa akipika busaa kulea watoto akawa mhalifu. Wale kanjo, askari wa jiji, mnaowaona wakimwaga sufuria la mama wa kibanda mbele ya wanawe, kazi ile haikuanza jana.

kibra_asilia

Naomba Kibra isiachwe. Sisi Wanubi tuliletwa na KAR, jeshi la mkoloni, wazee wetu walikuwa wanajeshi wa Sudan. Tulipewa hapa mwaka 1904 na ilipopimwa ilikuwa zaidi ya eka 4,000.

mtoto_wa_majengo

Eka 4,197, ndugu. Na kosa lilikuwa lilelile la Pumwani: walipewa mahali bila hati. Mkoloni aliwaita wapangaji kwa hisani ya serikali, na serikali zilizofuata zikalirithi neno hilo bila kuliuliza. Hati ya jamii ilitolewa 2017, ikiwa ya eka 288. Watu wanaposema Kibra ni "makazi haramu" huwa nashangaa, kwa sababu ilianza kama ahadi ya jeshi kwa wanajeshi wake.

msomi_huru

Sawa. Lakini nitasema kile ambacho wengi wanafikiria. Uhuru ulikuja 1963. Ni zaidi ya miaka sitini. Hadi lini tutaendelea kumtaja Mwingereza? Viongozi wetu walikuwa na muda wa kutosha kubadilisha kila kitu.

mtoto_wa_majengo

Ndugu msomi, hapa hatutapingana sana. Walikuwa na muda. Ninachokataa ni ile picha kwamba walikabidhiwa mji mzuri wakaushusha. Tazama walichokabidhiwa na walichokichagua.

Mwaka 1948 kulichorwa mpango mkuu wa Nairobi, na jina lake halikuficha kitu, lilisema ni mpango wa mji mkuu wa koloni. Mji wakati huo ulikuwa na watu karibu 119,000. Barabara kubwa zote zikaingia katikati na kutoka katikati, kwa sababu mfanyakazi alitarajiwa kwenda kazini na kurudi chumbani, basi. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa Eastlands angehitaji kwenda Westlands. Ndiyo maana hadi leo ukitoka Buruburu kwenda Kangemi lazima upitie katikati ya mji ubadilishe gari.

Kisha dharura ya Oktoba 1952, iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, na Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzunguka mji, mtaa kwa mtaa, wakaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waliopelekwa kizuizini walizidi 20,000, wengi wakapitia kambi ya Langata kisha Manyani na Mackinnon Road. Wake na watoto wakarudishwa rizavu. Maduka yakafungwa, vyumba vikabaki wazi, kazi zikachukuliwa na watu wa makabila mengine walioletwa kujaza nafasi. Uchungu wa kikabila katika mitaa yetu una mizizi zaidi ya mmoja, lakini mmoja wapo umepandwa wiki zile. Mwaka 2013 Uingereza ililipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa dharura. Wale waliopoteza duka soko la Burma au kazi ya reli hawakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Ikafika 1963. Nchi haikurudishiwa mashamba, ilikopeshwa pesa ikayanunua. Ule mpango wa kununua eka milioni za walowezi uligharimiwa kwa mikopo, mingi yake kutoka Uingereza, na waliolipwa ni walowezi. Mkulima mdogo akaanza uhuru akiwa na deni la ardhi ambayo pengine babu yake alifukuzwa.

Hapa mjini tulibadilisha majina. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Government Road hatimaye ikawa Moi Avenue, Doonholm Road ikawa Jogoo Road. Mipaka ya mji ikapanuliwa hadi karibu kilomita za mraba 700. Vizuizi vya kuingia mjini vikafa, watu wakaja na familia zao, kama binadamu yeyote anavyotaka. Lakini kanuni za viwanja vikubwa za upande wa magharibi zikabaki, na waliohamia huko walikuwa mawaziri na makatibu wetu. Rangi ya mstari ilibadilika, mstari ukabaki. Waliouacha ubaki walikuwa watu wetu, na hilo wabebe wenyewe. Sheria ndogo za mji za kumkamata mchuuzi zikabaki. Sheria ya uzururaji, ambayo mkoloni aliitumia kumwondoa mjini Mwafrika asiye na kazi, ilidumu vitabuni hadi 1997.

Kwa hivyo watu walioongezeka walikwenda wapi? Walikwenda palipobaki: kingo za mito, machimbo ya mawe ya Mathare, mabonde ambayo hakuna mchoraji aliyeyataka. Aprili 2024 maji yaliposhuka Mathare na kubeba watu usiku, yalifuata njia iliyokuwa ikijulikana tangu enzi za madaktari wa reli. Na baada ya maji zikaja tingatinga.

binti_ngara

Na sasa hivi? Mitaa ya zamani ya Eastlands inabomolewa kujengwa maghorofa. Wewe uko upande gani?

mtoto_wa_majengo

Dada, maghorofa siyapingi. Chumba cha kapera hakifai kulea watoto, na mama wa Bahati ametueleza hapo juu. Jengeni.

Ninachopinga ni namna wanaoishi humo wanavyoitwa. Tangazo linatoka likisema "wapangaji wapewe notisi". Sasa fikiria familia iliyotolewa Pangani ikiwa na nyumba yake, ikaingizwa Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930, ikalipa kodi chini ya manispaa, ikalipa chini ya halmashauri, inalipa chini ya kaunti. Vizazi vitatu au vinne. Mawe ya chumba hicho wameshayalipia mara nyingi. Leo wanaambiwa hawana haki zaidi ya mtu aliyepanga mwezi uliopita, wahame, na wakitaka kurudi wanunue kwa bei ya soko. Ni Pangani ya pili. Ningetaka kabla ya ukuta kuanguka familia hizo zitambuliwe kwa maandishi, zihesabiwe kodi walizolipa kama sehemu ya bei, na zipewe chumba chao katika jengo jipya kwa hati yenye majina yao, likiwemo jina la mwanamke wa nyumba.

Ili hilo lidaiwe, ushahidi unahitajika. Nyaraka za serikali ziko Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue, na za reli baadhi yake ziko Makumbusho ya Reli nyuma ya stesheni. Lakini za familia ziko kwenye masanduku chini ya vitanda vyetu. Aliye na kadi ya kodi ya zamani ya Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Makongeni au Muthurwa, au kipande cha babu, apige picha aiweke hapa, afiche jina na namba. Nitaanza na kadi ya Majengo ya bibi kesho nikifika nyumbani.

shosho_wa_bahati

Yangu ya Muthurwa ninayo. Mjukuu atanisaidia kuipiga picha.